Siku Nilipolitaja Jina la Baba Mkwe

Kakamega, Jumapili jioni

Mwanangu Nafula,

Sanduku lako liko karibu na mlango, na kila kitu kilichotajwa kwenye karatasi ya jeshi kimo ndani. Habari za soksi, dawa ya meno na jinsi ya kushonea pesa ndani ya nguo sitazigusa. Shangazi zako wamekuwa hapa tangu Ijumaa wakikufundisha hayo, pamoja na mengine ambayo wao wenyewe hawajawahi kuyafanya.

Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza tulipokuwa tukiosha vyombo. Ulisema, "Mama, niambie ukweli. Wewe unataka niende ama hutaki?" Mimi nikakujibu kwamba sufuria ya obusuma, ule ugali wa jioni, bado ina ukoko. Ukaisugua tena, ukaenda kulala. Swali lako lilikuwa la haki na jibu langu lilikuwa la kitoto. Nimezoea kujibu kwa maandishi. Kule ofisini hata nikitaka kuazima mkasi naandika. Basi hili ndilo jibu langu. Litakuwa refu, kwa sababu siwezi kulitoa bila kukueleza kwanza habari za babu yako.

Wewe ulimjua katika miaka yake ya mwisho, mzee aliyegombana na redio na kumwambia mtangazaji kwamba anadanganya. Mimi nilimkuta akiwa diwani. Nilikuja katika boma lake, ng'ambo ya barabara ya Malava, nikiwa msichana aliyetoka shule juzi, na cheti changu cha kidato cha nne nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Nilimwogopa hata kabla sijamwona. Alikuwa mrefu, goti lake la kushoto halikukunjika, na alitembea kama mtu anayekagua gwaride hata akienda tu kuangalia kuku.

Unajua desturi yetu, ingawa ninyi wa siku hizi mnaichukulia kama mchezo. Mke wa mwana hampi mkono baba mkwe. Hali chakula naye katika chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapita kando au anageuka upande ili mwenzake apite. Na jina lake halitaji, kamwe, hata akiulizwa hospitalini. Kwa hiyo niliishi karibu na babu yako miaka mingi na habari zake karibu zote nilizisikia kupitia ukuta wa jikoni, yeye akiongea na wanaume barazani na mimi nikipepeta mtama.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alikwenda vitani bado hajaota ndevu. Chifu alipowakusanya vijana, wengi walikimbilia msituni. Yeye alibaki amesimama. Wazee walipomsifu kwa ushujaa huo alicheka. "Ushujaa gani? Mimi nilikuwa na njaa, nikaona mpishi wa jeshi amenenepa. Nikasema, hawa watu wanakula."

Wakampeleka Bama, yaani Burma, akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alipewa nyumbu awaongoze, wamebeba risasi na mchele, katika milima yenye mvua isiyokatika. Nyumbu mmoja aliteleza akamwangukia, na hapo ndipo goti lilipoharibika. Alinena mengi kuhusu wale nyumbu, machache kuhusu vita. Jambo moja tu alilirudia mara kwa mara. Kila baada ya mapigano waliitwa majina. Ofisa alisoma, mtu akaitika. Jina likisomwa mara ya pili bila jibu, kalamu ilipita juu yake, wakaendelea na lingine. "Ukiitwa na uko hai, itika," alikuwa akiwaambia wanaume wale. "Maana kuna wenzako ambao wangetaka sana kuitika."

Alirudi na mistari mitatu ya cheo begani, koti zito la rangi ya matope, na tabia moja mbaya: kuuliza "kwa amri ya nani?" Watu wa chifu walipokuja kuwachukua akina mama kwenda kulima barabara bila malipo, aliwauliza, "Kwa amri ya nani?" Walipokuja kuchukua ng'ombe wa jirani, aliuliza tena. Wakamfunga, akatoka, akauliza kwa nini alifungwa na kwa amri ya nani. Nadhani watu walimchagua kuwa diwani ili walau aulize kwa niaba yao wote.

Lile soko letu unalolijua, ambako ulinunua viatu vyako vya kwanza vya shule, halikuwepo. Hapo palikuwa na mashimo. Wazungu waliokuja kutafuta dhahabu walichimba, wakakosa au wakapata, sijui, wakaondoka bila kufukia. Mbuzi walitumbukia humo, na siku moja mtoto wa watu. Babu yako aliwaita watu wa kata nzima, Wakristo na Waislamu, waliompigia kura na waliomtukana, wakafukia kwa mabeseni na karai, msimu mzima wa kiangazi. Kukhu, nyanya yako, alibeba udongo akiwa na mimba ya baba yako. Kisha babu yako akasimama mbele ya baraza la wilaya na hakukaa chini mpaka walipoandika kwamba ardhi ile ni soko la wananchi. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yake. Aligombea ubunge mara moja akashindwa vibaya, akarudi nyumbani akala kuku mzima, akasema Nairobi ni mbali sana na jiko la mama yenu.

Sasa nije kwangu.

Nilipata kazi ya ukarani katika baraza wewe ukiwa unaanza kutembea. Nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Nilisoma kila barua mara tatu kabla ya kuituma. Nilifunga kabati, nikatoka, nikarudi kuona kama nimelifunga. Wenzangu waliniita Mama Hakikisha, na sikuudhika, kwa sababu mtu akikucheka kwa uangalifu hawezi kukufukuza kwa uzembe. Woga wangu niliuona kama elimu.

Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo. Wewe ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka tu vumbi. Hakukuwa na karatasi ya kura. Kila mgombea aliweka mtu wake uwanjani, na wapiga kura wakajipanga nyuma yake, mchana kweupe, kila jicho likiona. Babu yako alikuwa amewaudhi wakubwa, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameanza kulitamani lile soko, lililo karibu na barabara kuu, na babu yako alikuwa ameuliza lile swali lake. Siku chache kabla, tuliambiwa ofisini kwamba wafanyakazi wa baraza wanajulikana kwa sura.

Nilikwenda uwanjani na kikapu, kama mtu anayepitia tu. Mlolongo wa babu yako ulizunguka uwanja wa shule ukaenda mpaka nyuma ya vyoo. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele kabisa, karibu na wakala wake. Kukhu wako akaniona chini ya mti wa mvinje.

"Wewe, bibi ya kijana yangu, kwani umesimama huko unangoja nini?"

"Mama, yule ni baba mkwe," nikasema. "Nitasimamaje nyuma yake?"

Akanitazama, kisha akatazama mlolongo. Mke wa ami yako alikuwa humo, amemweka mtoto wake katikati yake na mtu wa mbele ili heshima ikae. Wake wengine wa boma walikuwa wamejipanga mwishoni kabisa, mbali naye. Desturi haikuwa imewazuia.

"Aaa," kukhu akasema. "Basi hiyo heshima yako ni refu kushinda hii laini."

Akaenda kusimama. Mimi nilibaki na kikapu changu. Mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, kama ilivyotokea mahali pengi, na kura yangu moja isingebadilisha lolote. Lakini watu waliniona. Waliona kwamba yule karani anaweza kufungwa kwa desturi kama mbuzi kwa kamba, na kwamba kamba yenyewe ameishika mwenyewe. Jambo hilo lilihifadhiwa na watu wenye kumbukumbu nzuri.

Babu yako alikaa nyumbani akalima viazi vitamu kwa miaka ile yote, akiwa diwani wa kuku, kama alivyojiita.

Vyama vingi viliporudi, na kura zikarudi kuwa za karatasi na za siri, aligombea tena akiwa na nywele nyeupe pe. Nilimpigia kura. Hiyo haikuwa kazi kubwa, pazia lilinisaidia. Alishinda vizuri, akaingia tena katika ule ukumbi akiwa na koti lake la vita, joto lote lile, na mimi nikiwa karani wa kupanga viti na kugawa maji. Nilipanga njia zangu ukumbini ili nisipishane naye. Niliweka glasi yake kwanza, kabla hajafika.

Mwaka uliofuata hoja ya soko ikaletwa. Ilivikwa maneno mazuri: ardhi isiyotumika vyema, maendeleo, jengo la kisasa. Maana yake ilikuwa kwamba soko lipewe yule mkubwa na akina mama wahamie bondeni penye maji. Madiwani walikuwa wamegawanyika karibu sawasawa. Kila mtu alijua kwamba matokeo yatategemea mtu mmoja au wawili.

Kura ilikuwa ipigwe kwa kuitwa majina. Karani anasoma, diwani anaitika na kusema anaunga mkono au anapinga. Asiyeitika anahesabiwa hayupo. Kazi hiyo ilikuwa ya karani mwandamizi, mtu mpole mwenye sauti nzito. Asubuhi ile akatumwa Khwisero ghafla, kwa shughuli ambayo ingeweza kungoja mpaka Pasaka.

Mwenyekiti wa baraza akanikuta kwenye veranda nimeshika birika.

"Mama Nafula, leo utaita majina wewe."

"Mimi, Mwenyekiti?"

"Wewe umesoma. Utasoma majina kamili kama yalivyoandikwa. Si wadi, si cheo. Tunataka mambo yaende kisheria." Kisha akashusha sauti, na akaongea kwa upole, nasema kweli, kama mjomba. "Mimi pia ni mtu wa huku. Najua mkwe ni mkwe. Ukifika pale kwa mzee, wewe nyamaza tu. Mimi nitasema hayupo, tutaendelea. Hakuna mtu atakulaumu. Hata yeye mwenyewe atakushukuru kwa adabu."

"Na yeye akisema yuko?"

"Atasemaje? Asimame mbele ya watu amlazimishe bibi ya mtoto wake kumtaja? Yule mzee namjua. Atameza."

Nafula, alikuwa amefikiri vizuri. Babu yako asingenidai jina lake. Angepoteza soko kabla ya kuniaibisha, na hilo ndilo lililonitia baridi, kwamba walikuwa wanaitumia heshima yake kumfunga, na wamenichagua mimi niwe fundo. Nikaweka birika chini.

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kwenda Khwisero kwa miguu. Nilifikiria mshahara, karo yako, na mshahara wa baba yako wa ualimu kule Bukura ambao peke yake usingetutosha. Nilifikiria pia kwamba desturi si uongo, mimi naiamini. Hakuna aliyenilazimisha kuiheshimu. Kulitaja jina lile mbele ya watu ilikuwa kama kuvua kitambaa kichwani kanisani. Sikuwa nacheza.

Ukumbi ulijaa. Akina mama wa soko walikuja wakaketi nyuma, wamebeba hata bidhaa zao, na harufu ya samaki wa kukaushwa ikapanda mpaka kwa Mwenyekiti. Kukhu wako alikuwa kati yao, amekaa wima. Babu yako alikuwa upande wa dirisha, amevaa koti.

Nikaanza kusoma. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Jina, jibu. Jina, jibu. Naunga mkono. Napinga. Mmoja alikuwa amesinzia, jirani yake akampiga kiwiko, akasema anaunga mkono, kisha akauliza ni nini. Watu wakacheka na mimi nikapata nafasi ya kupumua. Halafu nikaliona jina lile, linalofuata.

Nikasema, "Mheshimiwa diwani wa..." nikasimama.

"Jina, karani," Mwenyekiti akasema.

Nikafungua kinywa na hakuna kilichotoka. Nakuambia kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimekwisha kuamua kule nje kwamba nitalitaja, nilikuwa na nia yote, na bado ulimi ulikuwa umekauka kama jani la mgomba.

Diwani mmoja wa upande wa Mwenyekiti akasema kwa sauti, "Karani amemeza ulimi. Mleteeni chai aumeze vizuri."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni. Huyo ni mkwe mwenye adabu. Hata kwa mlolongo alikataanga kusimama."

Basi hivyo ndivyo nilivyojua kwamba walikuwa wamelikumbuka.

"Hayupo," Mwenyekiti akasema. "Endelea na linalofuata."

Hapo babu yako akainuka. Alichukua muda, kwa sababu ya goti. Watu wote wakadhani anatoka nje, nami pia nilidhani hivyo. Nilidhani anafanya kile Mwenyekiti alichokitabiri. Hakutoka. Alisimama wima mahali pake, mikono ubavuni, kisha akageuka polepole mpaka uso wake ukaelekea dirishani na mgongo wake ukaelekea kwangu. Akabaki hivyo.

Wageni wangeona mzee amekasirika. Sisi sote tuliozaliwa huku tulielewa, na kicheko kikakatika. Hivyo ndivyo baba mkwe anavyofanya njiani anapokutana na mke wa mwanawe amebeba mzigo. Anageuka, anatazama vichaka, ili yule mwanamke apite bila haya. Alikuwa amenipisha.

Nikapita. Nikasema, "Zakaria Murunga."

Lilitoka kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Kukhu alidai baadaye kwamba kuku wa jirani na ukumbi waliruka. Na yeye, bado anatazama dirisha, visigino vyake viligongana, nikasikia, akajibu kama mtu wa miaka ishirini.

"Nipo. Na napinga."

Sijui kama unaweza kuwazia kelele iliyofuata. Akina mama waligonga mabeseni. Mtu mmoja alianza vigelegele na Mwenyekiti akagonga meza hadi glasi ikaanguka. Nilingoja wanyamaze, kisha nikaendelea na majina yaliyobaki, moja baada ya jingine. Diwani aliyesinzia akaomba kubadilisha jibu lake, kwa kuwa sasa alikuwa ameelewa ni nini kinachoulizwa, na Mwenyekiti akamkatalia, akina mama wakamwambia akae tu, wamemsikia. Jibu lake jipya halikuhitajika. Hoja ilianguka.

Walitoka ukumbini wakiimba mpaka barabarani. Babu yako alitembea mbele, nami nyuma kabisa, umbali ule ule wa siku zote. Alipofika chini ya ngazi alisimama, akasema na hewa iliyo mbele yake, "Mwambieni karani, jeshini angepewa mistari." Hakuna mtu aliyehitaji kuniambia.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Shemeji mmoja wa babu yako alisema nimevunja mwiko na lazima nitozwe. Wazee wakaketi. Kukhu akasema ndiyo, kosa ni kosa, alete ingokho, jogoo, na awe mnono. Nikamleta. Kukhu akamchinja, akampika, na kipande cha kwanza akampa yule shemeji.

"Kula," akamwambia. "Hii ndio faini. Sasa unyamaze, kwani hata wewe unauzanga maharagwe kwa hiyo soko."

Babu yako, upande wa pili wa ukuta, nilimsikia akiwaambia wanaume, "Jina langu limeshatamkwa na Mzungu aliyelisema kama anatema mfupa. Leo limesemwa vizuri kwa mara ya kwanza."

Usidhani niliacha kuogopa. Wiki iliyofuata nilihamishwa kwenye kituo cha kukusanya ushuru wa mifugo, nikakaa huko na kinyesi cha ng'ombe kwenye viatu mpaka Mwenyekiti yule alipoangushwa. Niliogopa kila siku kwamba barua ya kufukuzwa inakuja. Haikuja. Na hata kama ingekuja, Nafula, nimelifikiria sana jambo hili: ningeisoma mara tatu, ningelia, kisha ningeenda kuuza vitunguu katika soko ambalo lipo.

Babu yako alipofariki, wewe ukiwa shuleni kidato cha pili, ulifika ukakuta watu wamefurika hadi barabarani. Unakumbuka ni mimi niliyesoma wasifu wake kaburini. Hukuuliza kwa nini ni mimi na si ami yako. Familia ilikaa, ikakosa mtu wa kusoma bila kulia, na kukhu akasema, "Mpeni yule. Yeye alishazoea hiyo jina." Nikalisoma jina lake kwa vipaza sauti, mbele ya mapadri, mashehe kutoka Mumias, madiwani wa pande zote na wale ng'ombe waliokuwa wakikimbizwa kuzunguka boma kwa heshima yake. Sikusita. Nilisoma habari za nyumbu, za mashimo, za ubunge alioukosa, na watu walicheka mahali alipotaka wacheke. Nadhani hakuna mazishi niliyowahi kuyaona yaliyofanana na harusi kama yale.

Basi sasa swali lako.

Ulipokwenda uwanja wa Bukhungu kwenye uteuzi wa makuruti bila kuniambia, ukarudi na namba ya wino mkononi na miguu imechubuka kwa kukimbia, sikusema kitu. Ulidhani nimekasirika kwamba msichana anakwenda jeshini. Baba yako alidhani hivyo pia. Majirani walinipa hata pole. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta sababu ya heshima. Nilitafuta katika Biblia, katika mila, katika umri wako, katika kifua chako kilichougua utotoni. Nilitaka kupata sababu nzuri, yenye kukubalika, ya kukwambia ubaki, ili nisiseme tu kwamba naogopa. Unaona jinsi nilivyo? Nilikuwa nimerudi chini ya mvinje na kikapu changu.

Nimetafuta na sijaipata. Kilichobaki ni woga mtupu, na huo sasa naujua sura. Haunidanganyi tena kwamba ni adabu, wala kwamba ni busara. Siku ile ukumbini niliutazamia uondoke kwanza ndipo niseme. Haukuondoka. Nilisema ukiwa umenikaa kooni, na jina likapita kando yake.

Sikupi babu yako akuongoze. Wewe si yeye, na sitaki ujaribu kuwa yeye. Hakujua kusamehe redio, na hakumwomba kukhu msamaha hata mara moja. Jeshi unalokwenda si lake pia. Yeye alichukuliwa, wewe umejipeleka, umewashinda wasichana wa wilaya nzima kwa mbio, na nilisikia kutoka kwa mke wa fundi wa viatu kwamba ulipovuka mstari uliendelea kukimbia kwa sababu hukusikia filimbi. Nilicheka peke yangu dukani mpaka wakaniuliza kama ni mzima. Nilijivuna, mwanangu. Nilinunua sukari ambayo sikuihitaji ili tu nikae pale yule mama aisimulie habari hiyo tena.

Kwa hiyo, ndiyo, nataka uende. Nataka kwa moyo mzima, na ninaliandika hili kwa kalamu ya wino usiofutika, kikarani, ili kesho asubuhi nisije nikaugeuza ukweli huu mlangoni nikianza kulia. Nitalia. Usinisikilize nikilia, sikiliza hii barua.

Na ule woga usiubebe. Sanduku lako limejaa tayari. Niachie mimi, nina uzoefu nao wa miaka mingi, najua unakula nini na unalala saa ngapi. Nitaogopa kwa niaba yako kila siku ya Mungu, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya chai, kwa uangalifu wote ambao Mama Hakikisha anaweza. Wewe nenda ukafanye kazi.

Mama yako akupendaye na kujivunia wewe